Maana ya "manusura" katika mafunzo ya kuzuia ukatili

Anayehudhuria mafunzo ya jamii kuhusu ukatili, yawe Mpwapwa, Bahi au Kondoa mkoani Dodoma, atalisikia neno manusura tangu asubuhi ya kwanza. Ni mtu aliyefanyiwa ukatili: aliyepigwa, aliyebakwa, aliyekeketwa, aliyenyang'anywa mali aliyoichuma mwenyewe. Zamani tulisema mhanga au mwathirika. Mhanga ni anayetolewa kafara, mtu ambaye habari yake imekwisha. Mwathirika nalo lilizoeleka kwa wenye virusi vya UKIMWI, likabeba unyanyapaa wake. Manusura limetokana na kunusurika: alipita hatarini na yu hai. Kosa la mtenda halipungui kwa neno hili. Kinachobadilika ni namna tunavyomtazama aliyetendewa. Bado ana sauti, na bado ana haki ya kuamua mambo yake.

Hapo kwenye kuamua ndipo mafunzo yanapowawia magumu watu wazima, maana tumelelewa kusuluhisha. Binti akibakwa, wazee wa pande mbili wanakaa, ng'ombe au fedha zinatajwa, kisha inasemwa yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Binti hakuwamo kikaoni, na kesho anakutana na mtu yuleyule kisimani. Sheria nayo haikitambui kikao hicho. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima akitiwa hatiani kwa ubakaji adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kwangu mimi kiini cha mafunzo yote ni hiki: mtu mzima ajifunze kutokuwa hakimu.

Basi afanye nini? Tuseme ni Jumapili jioni, uko kwako Kongwa, mama jirani anaingia na kanga iliyochanika, anasema ameingiliwa kwa nguvu. Maswali yanayotukimbilia mdomoni ni "Ulikuwa unatoka wapi saa hizi?" na "Ulikuwa na nani?" Kila moja linamwambia kwamba ana kosa. Mwezeshaji huwafundisha washiriki maneno machache tu: "Pole sana mama. Nakuamini. Si kosa lako." Halafu unyamaze, usikilize. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na huhitaji cheti ili kuitoa. Washiriki huizoea kwa kukaa wawili wawili, mmoja akieleza na mwingine akijizuia kukatiza, na wengi hushangaa jinsi dakika tatu za kimya zilivyo ndefu.

Baada ya kusikiliza, muda ndio adui. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Za kuzuia mimba nazo zina muda wake. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye nailoni huvunda na ushahidi kuharibika. Fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza alichokikuta akimpima aliyeumizwa, hutolewa polisi, ambako vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyeumia apelekwe kutibiwa kwanza, fomu itafuata. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, na manusura harudii kusimulia mlango kwa mlango.

Mtu mzima huamua mwenyewe kama atashtaki. Wewe mweleze njia zilizopo na umsindikize. Kwa mtoto mambo ni tofauti: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto kuvunjiwa haki atoe taarifa kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, na simu 116 hupigwa bure. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Huku katikati ya nchi kuna jambo jingine ambalo mafunzo hayawezi kulikwepa, nalo ni lawalawa. Ni jina la maradhi ya sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto wachanga, na wapo walioamini kwamba dawa yake ni kukeketa. Maradhi hayo hutibika zahanati kwa dawa za kawaida na usafi. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wamekeketwa. Bibi anayempeleka mjukuu kwa ngariba mara nyingi anadhani anamwokoa, kwa hiyo ukimtukana atafanya usiku. Muuguzi akikaa naye na kumweleza ugonjwa wenyewe, husikiliza.

Na siri itunzwe. Kijijini, mwanamke akionekana tu anaingia ofisi ya mtendaji, habari hufika mnadani kabla yake. Msindikize kama mnaokwenda kliniki, na ukiulizwa njiani, sema hivyo hivyo.