Kuku wa kienyeji naye anakufa kwa kideri

Katika kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Juni 2025, kuku wa asili wanachanjwa bure. Hata hivyo tukifika vijijini Masasi, Newala au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, bado tunajibiwa, "Hawa wa kienyeji, hawaumwi." Jibu hili linatuumiza, maana Novemba tukirudi tunakuta banda tupu: kuku wamekufa kwa kideri, yaani mdondo (ugonjwa wa Newcastle).

Sifa za kuku wa asili tunazijua na tunazithamini. Kuchi ana umbo kubwa na miguu mirefu. Kishingo, kwa kukosa manyoya shingoni, anastahimili joto la pwani yetu. Mtetea hutaga mayai 10 hadi 15 kwa awamu moja, akaatamia na kulea vifaranga mwenyewe bila taa wala jiko la mkaa. Kuku wa mayai wa kisasa hutaga karibu 300 kwa mwaka, lakini amesahau kuatamia. Wa nyama hufikisha kilo 2 kwa wiki sita hivi. Hakuzwi kwa homoni kama inavyosemwa, na tunaomba sana maneno hayo yakome: ni mbegu iliyochaguliwa kwa miaka mingi, pamoja na chakula. Lakini kirusi cha kideri hakichagui mbegu. Kundi lisilochanjwa, la kienyeji au la kisasa, linaweza kuteketea karibu lote.

Chanjo inayostahimili joto ni tone moja la jicho, kifaranga na jogoo sawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wanachanjwa wasioumwa tu. Kinga huchukua hadi wiki mbili kujengeka, hivyo kuku aliyekwisha kuambukizwa anaweza kufa hata akichanjwa. Hapo ndipo uvumi wa "chanjo imeua" unapoanzia. Mwarobaini, pilipili na vidonge vya binadamu haviui kirusi hiki. Chanjeni Agosti, kabla fedha za korosho hazijaanza kuzungusha kuku kutoka kijiji hadi kijiji.

Wafanyabiashara wa matenga: kuku wakivuka wilaya lazima wawe na kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya wanakotoka. Kibali hutolewa baada ya kuku kukaguliwa, na huonyeshwa njiani. Kusafirisha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003. Mzigo unaweza kuzuiliwa na mhusika kufikishwa mahakamani.

Na chotara auzwe kwa jina lake, si kama wa kienyeji. Sasso na Kuroiler ni kuku wazuri, ila vifaranga vyao havifuati wazazi, na jogoo wao akiachwa huru kijijini, mbegu ya kuchi inapotea taratibu.

Wakifa wawili watatu kwa siku moja, msiwakimbize sokoni waliobaki. Fukieni mizoga, fungieni wazima, na siku hiyo hiyo mpeni taarifa afisa mifugo wa kata.