Je, ni kweli Wabelgiji walihesabu ng'ombe kumi ili kumtambua Mtutsi?

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawasimulia wengine, kwamba Wabelgiji walipoitawala Rwanda waliamuru hivi: mwenye ng'ombe kumi au zaidi aandikwe Mtutsi, aliyepungukiwa aandikwe Mhutu. Basi, kabila likazaliwa zizini. Hadithi hiyo haisahauliki, ndiyo maana imeenea mno. Lakini inapotosha, na inaficha jambo zito kuliko ng'ombe.

Majina hayo yalikuwepo kabla ya mkoloni. Mwishoni mwa karne ya 19, enzi za mwami (mfalme) Kigeli IV Rwabugiri, Wahutu walibebeshwa uburetwa, kazi ya lazima kwa chifu, ambayo Watutsi hawakutozwa. Ubaguzi ulikuwepo, na unauma. Tena milimani walijaa Watutsi mafukara, na bado waliandikwa Watutsi. Katika uandikishaji wa 1933 na 1934, makarani walitegemea zaidi kauli ya mtu mwenyewe na taarifa za mapadri. Huenda ng'ombe waliamua pale penye utata. Kama kanuni ya nchi nzima, ushahidi ni hafifu.

Wanaodai kwamba chuki kati ya Wahutu na Watutsi ni uadui wa makabila tangu kale nao wamekosea. Wote wanazungumza Kinyarwanda, na koo kama Abagesera na Abazigaba zina Wahutu, Watutsi na Watwa, kundi la tatu lililo dogo, ndani yake. Neno ubwoko lenyewe, lililokuja kumaanisha kabila, zamani lilimaanisha ukoo: ukimuuliza mtu ubwoko wake, angekutajia Abagesera.

Alichofanya mkoloni ni kufunga mlango. Kinyarwanda kina neno kwihutura, yaani kuvua Uhutu: mtu aliyetajirika kwa mifugo na kupata wakubwa wa kumshika mkono, yeye au uzao wake angeweza kuhesabiwa Mtutsi. Waliofanikiwa walikuwa wachache. Fikiria uungwana wa pwani. Mgeni kutoka bara alifika mjini, akasilimu, akashika lugha na adabu, akaoa. Wajukuu wake wakaitwa waungwana. Ilikuwa safari ndefu, ila njia ilikuwepo. Sasa mwite kila mtu mbele ya meza ya karani, andika hali aliyonayo siku hiyo, kisha amuru mwanawe airithi, na mjukuu, na kitukuu. Cheo kimegeuka damu.

Kwenye kitambulisho, mbele ya neno ubwoko, yalichapwa maneno manne: Hutu, Tutsi, Twa, na la waliopewa uraia. Yasiyokuhusu yalikatwa kwa mstari. Kalamu moja tu.

Nyuma ya meza ile kulikuwa na nadharia ya Wahamu, iliyopewa nguvu na mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1863, kwamba watawala wa ukanda huu walikuwa wageni bora kutoka Uhabeshi. Kwa kuiamini, Wabelgiji waliwang'oa machifu Wahutu. Kufikia 1959, machifu 43 kati ya 45 walikuwa Watutsi. Hasira iliyofuata ilimwangukia Mtutsi yeyote, hata yule fukara wa mlimani. Na hili ndilo linalonishangaza kuliko yote: Ilani ya Wahutu ya 1957, iliyodai usawa, ilipinga kabila kufutwa kwenye vitambulisho. Uhuru ulikuja Julai 1, 1962, na kipande kile kikabaki.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, kitambulisho hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Kwa takribani siku 100 waliuawa watu kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja, wengi wao Watutsi.

Miaka minne baadaye, mjini Arusha, majaji wa mahakama ya kimataifa waliomhukumu meya wa Taba, Jean-Paul Akayesu, walikwama penye swali: sheria ya mauaji ya kimbari inalinda kundi la kikabila, lakini hawa wana lugha moja na utamaduni mmoja, je, ni kundi tofauti? Katika ushahidi waliouegemea kujibu ndiyo, kilikuwemo kile kitambulisho.