Je, wajua kwa nini taa kuwaka si ushahidi kwamba wayaringi ni salama?

Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, imefungwa leo. Fundi anabonyeza swichi ya sebuleni, taa inawaka, mwenye nyumba anammalizia pesa yake na kumshukuru. Tatizo ni kwamba taa haichagui: huwaka hata kwenye wayaringi mbovu.

Chukua swichi iliyowekwa kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto unaouleta. Ukiizima, taa inazimika vizuri tu, lakini umeme bado umesimama kwenye holda, ukimngoja atakayepanda stuli kubadilisha balbu.

Kasoro ya ethi ndiyo hatari zaidi, maana ule waya wa kijani na njano unaopeleka umeme ardhini hauna kazi siku za kawaida. Ukiwa umekatika, friji inagandisha barafu na redio inaimba kama kawaida. Utajua siku waya wa moto utakapochubuka ndani ya friji na kugusa bodi lake la chuma. Na hata ukiwepo, huenda usitoshe. Tuseme fito ya ethi, ile nondo ya chuma, imechimbiwa kwenye mchanga mkavu na ukinzani wake, yaani kiasi inavyouzuia umeme kupita, ni omu 20. Gawanya volti 230 kwa 20, unapata ampea 11.5. Breka ya soketi ya ampea 32 haishtuki. Kwake hiyo ni kama mtu kawasha birika la chai. Bodi la friji linabaki na umeme, na mtoto anakuja kuchukua maji, miguu peku. Ndiyo maana huwekwa breka ya kuzuia umeme unaovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia. Hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata yenyewe.

Mengi ya hayo hayaonekani kwa macho wala kwa testa ya mfukoni. Fundi anayejua kazi hupima kabla umeme haujaingia: anatumia mega kusukuma volti 500 kwenye nyaya, kuona kama kati ya waya na waya, na kati ya waya na ethi, ukinzani haushuki chini ya megaomu 1, yaani omu milioni moja. Msumari wa fundi seremala uliotoboa bomba la nyaya ukutani na kuzichubua hujitokeza hapo. Halafu anapima fito ya ethi.

Kwa hiyo Tanzania Bara, Sheria ya Umeme ya 2008 imeweka ufungaji wa umeme miongoni mwa kazi zinazohitaji leseni, na anayeitoa ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Njia ya kawaida ya kuifikia huanzia darasani, VETA au chuo cha ufundi, kisha unafanya kazi chini ya waliokutangulia, ndipo unaomba ukiwa na vyeti na ushahidi wa uzoefu. Leseni zina madaraja: daraja A hugusa umeme wa msongo wowote, na kadiri herufi inavyoshuka kuelekea D ndivyo kazi unayoruhusiwa inavyopungua. Kuunganisha nyumba ya kawaida hakuhitaji A.

Mwombaji wa umeme TANESCO hutakiwa kuwa na mchoro wa wayaringi wenye saini na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Muhuri huo una maana moja: kuna mtu mwenye jina anayejibu kuhusu nyaya zilizofichwa ukutani.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mambo yanapoharibika. Kishoka, fundi asiye na leseni, anafunga nyumba nzima kwa bei poa, kisha anatafuta mwenye leseni wa kumgongea muhuri kwenye nyumba asiyowahi kuiona. Karatasi inakamilika, mega haijatolewa hata kwenye mkoba. Kabla ya kulipa, muulize fundi wako ethi imesoma omu ngapi. Aliyepima atakutajia namba.