Pawa saplai za sava kwenye mashine za kumaini: mnachokiondoa ndo kilichokuwa kinawalinda

Wadau, habari za majukumu. Andiko hili limekuja kwa sababu malalamiko yanayofika kwetu sisi wa ukaguzi wa umeme majumbani yamebadilika sura. Zamani ukisikia soketi imeyeyuka ujue ni pasi au jiko la umeme, sasa hivi hapa Dodoma tukifika Nkuhungu, Ilazo, Nzuguni, mpaka vyumba vya wapangaji kule Ng'ong'ona tunakuta rafu ya mbao ina kadi za GPU (kadi za picha za kompyuta) za kumaini, yaani kuchimba sarafu za kidijitali, chini yake pawa saplai mbili tatu zilizotolewa kwenye sava kuukuu zinapiga kelele usiku kucha, na ekstensheni moja nyeupe imeshakuwa ya njano ndo imebeba kila kitu. Majirani wanalalamikia kelele, wapangaji wenza wanalalamikia LUKU, mwenye nyumba analalamikia harufu ya plastiki.

Niseme mapema ili tusipoteze muda. Sijaja kumkataza mtu kumaini. Kama sarafu hizi zinaruhusiwa kutumika au la hilo ni la Benki Kuu, walitoa tamko lao 2019, na kodi ni ya TRA, Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali, kasome huko. Mimi naongelea umeme tu.

Na pawa saplai ya sava yenyewe sina ugomvi nayo. Ile ya HP yenye namba DPS-1200FB, ambayo ndo inapendwa, inatoa wati 1200 kwenye volti 12, yaani ampia 100, na upotevu wake ni mdogo. Ni kifaa cha maana kuliko pawa saplai nyingi za kompyuta zinazouzwa zimeandikwa wati 700 ukizinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu. Shida ni kwamba kikiwa ndani ya sava kilikuwa na kasha la chuma lililoungwa erthi, kilikuwa na njia ya hewa, kilikuwa na konekta iliyotengenezwa kwa ajili yake, na ukutani kilikuwa na saketi yake yenye breka yake. Wewe umenunua kile chuma peke yake. Hivyo vingine vyote lazima uvirudishe kwa mkono wako, na ndo hapo watu wengi wanaruka.

Nianze na erthi maana hiyo ndo inaniumiza zaidi.

Pawa saplai hizi zina vikapasita kwenye mlango wa umeme vinavyochuja kelele za umeme, na kazi yake ikiwa sawa kuna umeme kidogo sana unavuja kwenda kwenye waya wa erthi muda wote. Huo uvujaji sio ubovu, umeruhusiwa, kiwango cha juu kwa vifaa vya kuchomeka vya aina hii ni miliampia 3.5 kwa kimoja. Sasa mtu anaweka sita au nane kwenye RCD moja (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30. RCD ya miliampia 30 inaruhusiwa kutripu kuanzia 15, kwa hiyo inatripu, na iko sahihi kabisa. Halafu anaitwa fundi wa mtaani, anaangalia angalia, anasema "RCD mbovu hii", anaipitia pembeni. Au mbaya zaidi anafungua plagi anakata waya wa erthi, mashine zinawaka, kila mtu anafurahi, fundi analipwa.

Jamani. Ukikata erthi ule uvujaji haujaondoka, umekosa njia tu. Kasha la pawa saplai linakaa kwenye volti zinazokaribia nusu ya umeme wa ukutani, yaani kama volti 115, na kwa kuwa rafu, kadi na bodi mama zote zimeungana na lile kasha basi rafu nzima iko hivyo. Ukigusa unasikia kama inakuumauma, watu wanaita "inashtua kidogo tu". Hiyo kidogo ni kwa sababu vikapasita ni vizima. Siku moja pawa saplai ikipiga shoti kwa ndani, inayokuja kwenye rafu ni volti 230 kamili, na hakuna breka itakayoshuka kwa sababu umeme hauna pa kurudia, isipokuwa kwenye mwili wa atakayegusa, na kwenye chumba cha kupanga atakayegusa anaweza kuwa mtoto wa jirani aliyekuja kuangalia taa za feni.

Dawa ya RCD inayotripu ni kugawa mzigo kwenye saketi zaidi ya moja, kila moja na RCD yake. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni na haichukui hata siku nzima.

Na hapa kwetu Dodoma kuna jambo lingine. Ardhi yetu ni kavu, kuanzia Juni mpaka Novemba huko udongo unakuwa mkavu kabisa na rodi ya erthi iliyopimwa vizuri mwezi wa pili inaweza kupima vibaya mwezi wa kumi. Rodi fupi iliyogongwa kwenye mchanga pembeni ya ukuta haitoshi kwa nyumba ya namna hii. Mwambie fundi apime kiangazi, na apime kwa kipimo cha erthi sio kwa testa.

Tuje upande wa volti 12. Mnadhani volti 12 ni usalama, kweli haitakupiga ukashindwa kuachia, lakini ampia 100 inayeyusha pete kidoleni na kuchoma nyama kabla hujajua. Vua pete, vua saa, vua mnyororo. Zima ukutani kabla hujachomeka au kuchomoa kadi yoyote. Nimeona watu wanalehemu waya moja kwa moja kwenye meno ya pawa saplai na wanabana kijiwaya katikati ya pini ili iwake. Usifanye. Nunua bodi ya kugawia umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako, ina swichi yake na matundu yake ya pini sita. Hesabu ni hii: kiungo kilicholehemewa vibaya chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, ukikipitishia ampia 50, kinatoa joto la wati 25, hiyo ni sawa na pasi ndogo ya kulehemu imewashwa hapo hapo kwenye plastiki, saa 24, na wewe umelala.

Konekta nazo zina viwango. Pini sita ni wati 75, pini nane ni wati 150, na sloti ya kadi inaweza kuvuta mpaka wati 75 kupitia raiza (kile kibodi kinachounganisha kadi na bodi mama kwa mbali). Ile konekta bapa ya SATA inabeba kama wati 54 kwenye volti 12. Kwa hiyo raiza iliyowashwa kwa adapta ya SATA inaweza kudaiwa wati 75 wakati uwezo wake ni 54, na ndo maana kila tunapokuta konekta iliyoungua kwenye raiza karibu kila mara ni hiyo. Tumia pini sita kwa kila raiza, kebo yake peke yake, usigawanye moja kwa raiza tatu.

Bodi mama inahitaji pawa saplai ya kawaida maana ya sava haitoi volti 5 wala 3.3. Hapo kadi na raiza yake vichukue umeme kutoka chanzo kimoja, usiweke raiza huku na kadi kule, kimoja kikizima umeme unatafuta njia kupitia sloti na unaondoka na bodi mama. Na usiunganishe matokeo ya pawa saplai mbili pamoja eti upate wati nyingi.

Wenye Antminer S9, ile mashine maalumu ya kumaini Bitcoin, nanyi msikilize. Ile mashine inakula wati 1300 na zaidi, pawa saplai ya 1200 haitoshi, sio "itajitahidi", haitoshi. Kwa mzigo wa kukesha msipite asilimia 80, yaani wati 960 kwenye hiyo ya 1200.

Na pawa saplai usiifungue kusafisha vumbi. Najua vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, lakini ndani kuna kapasita kubwa ya karibu volti 400 ambayo inabaki na chaji hata ukiwa umechomoa. Puliza kwa nje ikiwa imezimwa.

Sasa ukutani. Pawa saplai moja ya 1200 ikijaa inavuta kama wati 1300, kwenye volti 230 hiyo ni ampia 5.7. Mbili ni zaidi ya 11, tatu ni 17. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13 na haikutengenezwa ibebe 13 mchana na usiku mwezi mzima. Kwa hiyo soketi moja pawa saplai moja, na ekstensheni sahau kabisa. Waya wa milimita 1.5 uliopita darini kwa ajili ya taa sio wa kazi hii, soketi ni 2.5 na breka ya ampia 20, waya wa shaba wenye alama ya TBS, sio ule wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Fyuzi ikikatika ukaweka karatasi ya sigara umeondoa mlinzi wa mwisho wa nyumba. Na vile vifaa vya kulindia friji vingi vimeandikwa ampia 5, someni kilichoandikwa mgongoni jamani, kimeandikwa.

Kuna watu wananiambia "kwetu umeme ni mdogo, volti 180, hauwezi kuunguza". Ni kinyume. Pawa saplai hizi zinashikilia wati zile zile, volti zikishuka zinavuta ampia zaidi, zile 5.7 zinakuwa 7.2. Na wengine wanasema bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 sasa umeme upo wa kutosha kwa nini mnatubana. Bwawa liko Rufiji. Waya wa chumbani kwako haujanenepa kwa sababu ya bwawa.

Kuhusu gharama, wati 1300 kwa siku ni uniti 31.2. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti bila kodi na tozo ni kama shilingi 9,100 kwa siku, mwezi unakaribia 273,000, kwa pawa saplai moja. Wale mliopo kwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi mtazimaliza siku ya tatu haijaisha. Mnaochanga LUKU na wapangaji wenzenu mnaelewa kwa nini ugomvi unakuja mpaka kwa mjumbe. Weka mita yako ndogo ya ndani, au bora zaidi omba mita yako.

Utaratibu wa kuongeza mzigo, nieleze vizuri maana hapa ndo watu wanapotea. Kwanza mwenye nyumba akubali kwa maandishi, mpangaji huwezi kuomba juu ya mita isiyo yako. Pili tafuta mkandarasi wa umeme mwenye leseni hai ya EWURA, muombe aioneshe, angalia tarehe na daraja lake kama linaruhusu kazi unayompa. Akague, abadilishe waya, aweke breka na RCD, apime erthi, halafu ajaze fomu na kugonga muhuri wake. Bila muhuri huo usiende popote. Tatu peleka maombi TANESCO, ofisini au kwa NIKONEKT (mfumo wao wa maombi wa mtandaoni) ukiwa na namba ya NIDA, eleza ukweli mzigo ni kilowati ngapi, ili wajue kama unabaki njia moja au unahamia njia tatu. Usiandike "matumizi ya nyumbani" wakati una mashine kumi. Watakuja kupima, utapewa kontrol namba, lipa kwa kontrol namba hiyo tu, usimpe mtu hela mkononi hata kama amevaa refleksa na kofia. Baada ya hapo ndo unafungiwa.

Anayefanya kazi ya umeme bila leseni anavunja sheria, na wewe uliyemuita utaulizwa. Anayegusa mita, kukata sili au kuruka mita ametenda kosa chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, kuna faini na kuna kifungo, na juu yake unadaiwa umeme uliokadiriwa kuwa umeuchukua. Tunajua mashine za kumaini zinashawishi watu kuruka mita. Mzigo usiopungua mchana wala usiku unaonekana kwa wanaoangalia transfoma ya mtaa. Kama umeshafanya hivyo nenda mwenyewe kabla hujafuatwa.

Chumba kiwe na sakafu ya saruji, rafu ya chuma iliyoungwa erthi, dirisha la kutolea joto, kusiwe na godoro, pazia wala chandarua karibu. Weka mtungi wa kuzimia moto wa poda au wa kaboni dayoksaidi karibu na mlango, sio nyuma ya mashine. Mvua za Desemba zinapoanza na radi zake, zima na uchomoe.

Siku ya kwanza washa nusu ya mzigo, kaa nayo lisaa limoja. Zima ukutani, chomoa, kisha papasa plagi, soketi, kebo na kila konekta ya pini sita. Kinachokuunguza vidole hakiko sawa, usikiwashe tena mpaka fundi akione. Ukiona moshi zima breka kuu kwanza, usimwage maji, toa watu nje, piga 114 Zimamoto, na ukiwa unawasubiri usirudi ndani kuokoa kadi.