Nyanya haipigwi chanjo: maana ya ukinzani

Juzi nilikuwa kwenye duka la pembejeo, muuzaji akamwambia mama mmoja aliyeshika kopo la mbegu za nyanya: "Chukua hii mama, hii ni sugu, imeshapigwa chanjo ya rasta." Nilinyamaza, foleni ilikuwa ndefu. Hapa hakuna foleni. Rasta ni ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya nyanya, nao huenezwa na nzi weupe.

Ukinzani wa mmea kwa virusi ni uwezo wa kuzaliwa nao, uliomo kwenye jeni zake, wa kuvizuia virusi visizaliane wala kusambaa ndani yake. Basi. Haupulizwi kwa bomba, haupakwi kwenye mbegu, na mmea hauupati kwa kuugua.

Ndiyo maana neno "sugu" linaniudhi. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Hukuzaliwa nayo, umeipata kwa taabu. Mtu akiambiwa nyanya ni sugu, anaelewa kuwa imezoea. Namjua mkulima aliyekamua mbegu za mche mmoja uliobaki kijani katikati ya shamba lililojikunja lote, akasema huo umeshakomaa na ugonjwa. Msimu uliofuata miche yote ya mbegu hizo ilijikunja. Inaelekea nzi weupe waliuruka tu ule mche wa kwanza, haukuambukizwa. Kukinza ni kitu kingine: ni kupinga, kumzibia mtu njia asipite.

Na njia huzibwa kwa namna zaidi ya moja. Nyanya yenye jeni ya Tm-2², iliyotoka kwa nyanya mwitu wa Amerika Kusini, ina bawabu: protini inayoitambua ile protini ambayo virusi vya batobato la nyanya huitumia kupita kutoka seli hadi seli. Akishaitambua, virusi hawasongi. Pilipili yenye jeni ya pvr2 haina bawabu yeyote. Virusi Y vya viazi, ambavyo hushambulia pilipili pia, havina mtambo wa kujitengenezea protini, hivyo hushika kipuri kimoja cha mmea ili kutumia mtambo wa mmea huo. Kwenye pilipili hii kipuri hicho kimebadilika umbo kidogo, virusi havina pa kushika. Kwa kuwa nakala moja nzima ingewatosha wageni hao, mmea lazima urithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. Mimi naona huu ndio ukinzani mtamu kuliko wote: mmea unaokoka kwa kukosa kitu.

Sasa turudi kwenye rasta, maana ndiko maneno yanakochanganywa zaidi. Kuna kukinza na kuna kustahimili. Kustahimili kumetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kubeba mzigo, ule ule uliotupa himili, mhimili na hamali. Mmea stahimilivu ni hamali: virusi viko mgongoni, na safari inaendelea. Nyanya yenye jeni ya Ty-1 imekaa katikati ya hamali na bawabu. Jeni hiyo huisaidia seli kuzinyamazisha jeni za virusi vya rasta, vikapungua sana, majani yakabaki manyoofu, matunda yakaja. Ila virusi vimo. Nzi weupe akifyonza hapo anaweza kuondoka navyo hadi kwa jirani aliyepanda mbegu ya kawaida.

Kopo lenyewe husema ukweli huu kwa herufi ndogo. Pakiandikwa HR, ni ukinzani wa juu. IR ni wa kati. TYLCV, kifupi cha Kiingereza cha virusi vya rasta, aghalabu utaikuta upande wa IR. Hata HR si kiapo: mwaka 2014 na 2015, huko Israeli na Yordani, kilionekana kirusi kipya cha nyanya kinachompita yule bawabu wa Tm-2², aliyekuwa amelinda mlango kwa miongo kadhaa. Hapo ndipo neno sugu lingefaa, na wanaostahili kuitwa hivyo ni virusi.

Na ukikamua mbegu za chotara iliyorithi Ty-1 kwa mzazi mmoja tu, takriban mche mmoja kwa kila minne utaota bila jeni hiyo kabisa.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, mwambie tu: "Mama, mbegu hii, hata rasta ikiingia, haitakunyima mavuno yote, lakini chandarua cha kitaluni usikitoe." Atanunua vilevile.