Kijiti, kivuli na maktaba: dunia ilivyopimwa Alexandria

Wageni wengi tunaowapokea kwenye maonyesho ya sayansi wakisikia "sayansi ya Wagiriki" akili inaenda Athens moja kwa moja, wazee wa ndevu wamekaa kwenye ngazi za mawe wanabishana. Sasa kaeni mkao wa kula, maana kazi kubwa kuliko zote tunayoionyesha pale ilifanyika Afrika, Misri, kwenye mji wa Alexandria.

Mji wenyewe ulianzishwa 331 KK na Aleksanda Mkuu, mfalme wa Masedonia, yeye alipokufa jemadari wake Ptolemaio akashika Misri, na ukoo wake ndio uliojenga Mouseion. Jina hilo ndilo lililozaa neno "museum" la Wazungu lakini haikuwa nyumba ya vitu vya kale, ilikuwa sehemu ambayo wasomi wanalipwa na mfalme, wanakula bure, hawalipi kodi, kazi yao kusoma na kutafiti tu. (Nani asingeitaka hiyo ajira?) Na maktaba yake ilikuwa na njaa ya vitabu kwelikweli, Galen yule tabibu anasimulia kwamba meli ikitia nanga bandarini vitabu vyake vinachukuliwa vinanakiliwa, alafu mwenye kitabu anarudishiwa nakala, ile orijino inabaki.

Mkuu wa maktaba hiyo kwenye karne ya tatu KK alikuwa Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene, Libya ya leo. Wenzake walimtania wakamwita Beta, yaani namba mbili, kila fani anaijua ila hakuna anayoongoza. Huyo Beta ndiye aliyepima dunia.

Alijua kwamba huko Syene, yaani Aswan ya leo, siku ya mwezi wa sita ambayo jua limefika mwisho wake wa kaskazini, ikifika saa sita mchana jua linakuwa la utosi kabisa, kijiti hakitoi kivuli. Siku hiyohiyo Alexandria kivuli kipo, akapima pembe yake akakuta ni sehemu moja ya 50 ya duara, kama digrii 7.2 hivi. Jua liko mbali mno kiasi kwamba miale yake inafika sambamba, kwa hiyo tofauti ya vivuli imeletwa na dunia yenyewe kujipinda kati ya miji hiyo miwili, basi ukizidisha umbali wa miji mara 50 umezunguka dunia nzima. Umbali ulihesabiwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki), jibu stadia 250,000.

Zile posti zinazosema alikosea kwa asilimia moja tu msizibebe kichwakichwa. Wataalamu mpaka leo wanabishana stadia yake ilikuwa mita ngapi: ukichukua mita 185 unapata kilomita 46,000 na ushee, ukichukua 157.5 unapata 39,000 na kitu, na mzingo halisi ni kama 40,000. Pia Aswan na Alexandria haziko kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Kwangu mimi hayo hayampunguzii kitu, mtu amepata saizi ya dunia bila kuondoka mjini kwake, kwa kijiti na taarifa zilizokusanywa na wengine.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Miaka kama 350 baadaye Ptolemaio mwingine, yule mwanajiografia wa hapohapo Alexandria aliyeandika habari za Rhapta, mji wa kale wa biashara kwenye pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, akatumia kipimo kidogo zaidi, stadia 180,000, na ramani zake ndizo zilizosomwa karne na karne.

Sisi huku Tanzania jua la utosi tunalipata mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo jaribu mwenyewe. Songea na Arusha zimepishana digrii 7.3 kaskazini-kusini, karibu sawa na miji ya Eratosthenes. Kwenye tarehe 20 na kitu za mwezi wa pili jua linapita utosini Songea, wewe wa Arusha simika fimbo ya mita moja wima kabisa, anza kupima kivuli kuanzia saa sita na robo mpaka saa saba na robo, chukua kile kifupi kuliko vyote. Utakuta kama sentimita 13, kimelalia kaskazini.