Kiti Mwendo cha Umeme: Yasemwayo na Yalivyo

Mtu akipata kiti mwendo cha umeme kwa mara ya kwanza, ushauri humjia kutoka kila upande: kwa jirani, kwa fundi wa redio, kwa binamu aliyewahi kusukuma mgonjwa wodini. Nia ni njema. Lakini wengi humwonya kuhusu magari na kuisahau meza ya kulia chakula.

Kabla ya yote, tukumbuke ni chombo cha namna gani. Kiti chenye mota mbili na betri zake mara nyingi huzidi kilo 100. Ukiongeza uzito wa aliyekikalia, unakuwa na mzigo unaokaribia kilo 200 unaoongozwa kwa kidole. Kijiti cha kuongozea hakijui kama kilichokisukuma ni mkono wako, mkono wa shati au mkanda wa begi. Karibu kila dhana potofu iliyopo hapa chini inatokana na kulisahau hilo.

“Hatari iko barabarani, ndani ya nyumba uko salama”

Kwa watumiaji wa viti mwendo, kupinduka na kuanguka huumiza watu wengi kuliko kugongwa na gari. Na mara nyingi mtu huanguka kiti kikiwa kimesimama au kinasogea kidogo tu: anahamia kitandani, anainama kuokota ufunguo, anajaribu kufikia kabati la juu.

Tuitazame meza kwa karibu, maana watu huidharau. Kisanduku cha kijiti hukaa kwenye ncha ya egemeo la mkono. Kijiti kikiwa wima kina urefu fulani. Kikiinamishwa mbele, ncha yake hushuka kidogo. Sasa unasogelea meza huku umekiinamisha mbele, nacho kinapenya chini ya ubao kwa nafasi finyu. Ukikiachia, springi yake inataka kukisimamisha wima, lakini ubao unakizuia. Mkono wako umetoka, ila kiti bado kinapokea amri ya kwenda mbele, na tumbo lako ndilo linalopokea ukingo wa meza. Dawa yake ni rahisi: weka kasi ya chini kabisa kabla ya kuikaribia meza, simama mapema kidogo, na ukishafika mahali pako zima umeme. Viti vingi pia vinaweza kufungwa mkono wa kisanduku unaokunjika pembeni. Kama unakula au kuandika mezani kila siku, mwombe fundi akuwekee.

Kuhama kutoka kitini kuna mtego wake. Kiti kisichozimwa hungoja kiwiko kikiguse kijiti tu, kisha kinaondoka nusu yako ikiwa kitandani na nusu kitini. Zima kwanza, halafu kunja vibao vya miguu. Usisimame juu ya vibao hivyo hata kidogo: uzito wote ukienda mbele ya magurudumu ya mbele, kiti kinakuja nawe. Hakikisha pia egemeo la mkono limeingia kwenye kufuli yake kabla ya kuliegemea, kwa sababu mengi hung'oka kwa makusudi ili kurahisisha kuhama.

Kuna na kona. Kiti ambacho magurudumu yenye mota yako katikati huzunguka karibu pale pale kiliposimama. Yakiwa nyuma, sehemu ya mbele ndiyo inayofagia eneo kubwa, kwa hiyo vidole vya miguu hukutana na fremu ya mlango. Yakiwa mbele, mgongo wa kiti ndio unaotupwa nje, na aliyesimama nyuma yako hupigwa muundi bila wewe kujua. Aliyebadilishiwa kiti kwa aina nyingine inabidi ajifunze milango ya nyumba yake upya, hata kama ameendesha miaka mingi.

Na kama kiti kinaruka kama mbuzi kila ukikigusa kijiti, usikubali kuambiwa utazoea. Fundi mwenye kifaa cha kukipangia anaweza kupunguza kasi ya kuondoka, kasi ya kugeuka na wepesi wa kijiti, hata kukupa mpangilio mmoja wa ndani na mwingine wa nje.

“Kikizimwa hakiwezi kwenda popote”

Hili ni kweli nusu. Breki za kiti cha umeme hufanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: springi ndiyo inayozibana, na umeme ndio unaoziachia. Umeme ukikatika, zinajifunga zenyewe. Ni mpango mzuri sana.

Nusu ya pili iko chini ya kiti, kwenye wenzo mmoja au miwili midogo ya kuweka mota nyutro, ili kiti kiweze kusukumwa kwa mikono kikiharibika. Ukiuvuta wenzo huo, mota na breki zake zote mbili zinaachana na magurudumu. Hakuna breki tena, ya umeme wala ya springi. Msaidizi mwenye huruma huuvuta kwenye mteremko ili asukume, halafu anagundua kwamba ameshikilia kilo 200 kwa mikono miwili. Wenzo huo uvutwe mahali tambarare tu, na kukiwa na mtu amekishika kiti vizuri. Viti vingi hukataa kuwaka au huonyesha taa ya hitilafu wenzo ukiwa haujarudishwa, kwa hiyo kabla ya kumwita fundi kwamba kiti kimekufa, angalia hapo.

“Mambo yakiharibika, bonyeza swichi”

Ukiachia kijiti, mota zenyewe hupunguza mwendo kwa utaratibu na kiti kinasimama baada ya kupita umbali mfupi. Kwenye mteremko umbali huo huongezeka, na hapo ndipo wageni hupata hofu na kuibonyeza swichi ya kuzima. Swichi hukata kila kitu kwa mpigo: breki zinakaba, kiti kinasimama, wewe unaendelea. Iache kwa siku ambayo kijiti kimekataa kutii, kama kule mezani. Siku nyingine zote rudisha kijiti katikati taratibu.

“Kilipopanda, kitashuka”

Kinaweza kushuka, ila pengine bila wewe. Kiti hakipinduki kwa sababu mota imeshindwa. Hupinduka kwa sababu uzito umevuka mstari wa magurudumu, na mota yenye nguvu hukufikisha hapo haraka zaidi.

Kipimo kinachotumiwa sana katika ujenzi wa rampu ni 1 kwa 12: kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, yaani karibu nyuzi 5. Kwa hesabu hiyo, ngazi ya sentimita 30 inataka rampu ya mita 3.6. Ubao wa mita moja na nusu ambao mtu ameuegemeza pale kwa wema unakupa mteremko unaozidi nyuzi 11, kiwango ambacho viti vingi havikutengenezewa. Kila kiti kina kikomo chake kwenye kijitabu cha maelekezo, na kikomo hicho huhesabiwa kiti kikiwa hakijaongezewa chochote. Begi zito la vitu vya sokoni nyuma ya mgongo hukibadilisha. Mtoto juu ya mapaja naye hukibadilisha, japo najua hili halipendwi kusikika.

Panda ukiwa umeelekea juu moja kwa moja na mwili umeegemea mbele kidogo. Shuka moja kwa moja vilevile, kwa kasi ndogo, mgongo ukiwa umeegemea nyuma. Usikate mteremko kwa upande wala usigeuze katikati yake. Ukishaanza kupanda, usisimame na kuondoka tena kwa kishindo, kwa sababu huo ndio wakati magurudumu ya mbele hunyanyuka. Vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kupinduka viko kwa ajili hiyo. Wapo wanaovifungua kwa kuwa hukwaruza kwenye vizingiti, nami sioni hoja yoyote ya kuutetea mtindo huo.

Kama kiti chako huinua kikalio juu au kulaza mgongo, rudisha kila kitu chini kabla ya kukanyaga mteremko. Urefu huo wa kikalio ni mzuri wa kuzungumza na watu macho kwa macho kiti kikiwa kimesimama mahali tambarare.

Ukingo wa barabara nao una kanuni yake: uso kwa uso, magurudumu yote mawili ya mbele yaguse kwa pamoja. Ukiupanda kwa pembe, gurudumu moja linapanda, jingine linabaki chini, na kiti kinalala ubavu. Viti vya kawaida huweza vizingiti vya sentimita 5 hadi 7 hivi. Zaidi ya hapo tafuta njia nyingine, hata ikiwa ya mzunguko. Ngazi za umeme za kwenye majengo makubwa zisijaribiwe kabisa, kuna lifti.

“Madereva wananiona”

Kichwa cha aliyekaa kitini kiko chini kuliko cha mtu mzima aliyesimama. Gari lililoegeshwa linatosha kukuficha mzima, na dereva wa lori aliye juu ya usukani wake hakuoni kabisa ukiwa karibu na pua ya lori. Anayerudi nyuma kutoka kwenye maegesho ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu anatafuta magari na watu wanaotembea wima. Bendera ndefu nyuma ya kiti, kitambaa cha kuakisi mwanga pande zote na taa usiku husaidia kweli. Kumtazama dereva hadi naye akutazame husaidia zaidi.

Kasi nayo hudanganya. Viti vingi huenda kilometa 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka, na baadhi hufika 10 au zaidi. Uingereza, kwa mfano, huruhusu kilometa 6.4 kwa saa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mtembea kwa miguu akisimama ghafla mbele yako, utamfikia kwenye visigino kabla hajageuka.

“Acha betri iishe kabisa ndipo uchaji”

Ushauri huu ulikuwa wa betri za nikeli za simu za zamani, ukahamishiwa kwenye viti bila kuulizwa. Viti vingi hutumia betri mbili za risasi za volti 12, za jeli au zilizozibwa, zilizounganishwa kupata volti 24. Betri ya risasi huumia ikiachwa tupu. Ukiitumia mchana, ichaji usiku, hata kama mshale wa chaji umeshuka kidogo tu, na iache mpaka chaja yenyewe iseme imejaa. Hiyo huchukua saa 8 hadi 12. Kiti kisichotumika kwa wiki kadhaa nacho huhitaji kuchajiwa mara kwa mara. Betri za lithiamu hazina haja ya kujazwa kila usiku kwa namna hiyo, lakini zina chaja zake. Usiazime ya mwenzako eti kwa sababu tu plagi imeingia.

Chaji mahali penye hewa. Betri za risasi zinaweza kutoa hidrojeni, na gesi hiyo hushika moto kwa urahisi. Usitumie ekstensheni nyembamba, na usikifunike kiti kwa blanketi kinapochaji.

Umbali ulioandikwa na mtengenezaji umepimwa kwenye njia tambarare. Milima, mchanga, uzito, baridi na tairi zenye upepo mdogo, vyote huupunguza. Wapo wanaopanga safari kwa nusu ya namba iliyoandikwa, na mimi nakubaliana nao. Usiusome mshale kiti kikiwa kimesimama, usome unapopanda mlima.

Mengine, kwa kifupi

“Kimetengenezwa kwa nje, kwa hiyo mvua si kitu.” Rasharasha viti vingi huvumilia. Mvua kubwa, madimbwi na mpira wa maji wa kuoshea gari ni mambo mengine. Mahali dhaifu ni kisanduku cha kijiti, hasa pale mpira wake uliochakaa umepasuka. Mfuko wa plastiki angavu juu yake ni kinga ya maana, na mpira uliopasuka ubadilishwe mapema.

“Simu hukichanganya kiti.” Hofu hii ina asili. Miaka ya 1990 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, ilishughulikia taarifa za viti vilivyosogea vyenyewe karibu na mitambo ya redio, ikawataka watengenezaji wavipime na kuweka onyo. Viti vya sasa vina kinga bora zaidi. Redio ya upepo ya mlinzi ndiyo ya kuangaliwa kuliko simu: asiitumie akiwa ameegemea kiti chako.

“Watu wanne wakikinyanyua, tatizo limekwisha.” Usikubali kunyanyuliwa ukiwa umekaa. Na hata kiti kikiwa kitupu, kishikwe kwenye fremu, maana egemeo la mkono likichomoka, mmoja wa wale wanne anaumia.

“Mkanda ni wa wasioweza kukaa wenyewe.” Mkanda wa nyonga hukuzuia kuteleza mbele kiti kikigonga shimo au kikisimama ghafla. Ufungwe chini, juu ya mifupa ya nyonga. Ukipanda hadi tumboni umekuwa hatari wenyewe.

Lakini mkanda huohuo si mkanda wa gari. Ukisafiri ndani ya gari ukiwa umekaa kwenye kiti mwendo, breki zake peke yake hazikishikilii. Kiti kinapaswa kuelekea mbele na kufungwa sakafuni kwa mikanda minne kwenye sehemu za fremu zilizowekewa alama, kisha wewe ufungwe mkanda tofauti wa gari unaopita begani na nyongani. Kiwango cha kimataifa ISO 7176-19 hupima viti kwa kuvigongesha kwa kasi ya kilometa 48 kwa saa, kwa hiyo uliza kama chako kimepitia jaribio hilo. Kama hakijapitia, au gari halina mikanda hiyo, na unaweza kuhama, kaa kwenye kiti cha gari, na kiti mwendo kifungwe peke yake kama mzigo mwingine wowote.